Taa Aliyeitwa Tulizo

Wivu ulimkuta Fundi juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, mikono yote miwili ndani ya mashine ya barafu. Wenzake hupatwa na balaa hilo kwa kuona ujumbe kwenye simu ya mtu, au kunusa manukato yasiyo ya nyumbani. Yeye alipatwa kwa samaki.

Samaki mwenyewe alikuwa amechorwa ukutani. Pale dikoni, mahali boti zinapoteremsha samaki, ukuta wa chumba cha barafu ulijaa picha za papa na wale samaki bapa waitwao taa, kila mmoja na jina lake chini. Ulikuwa utaratibu wa hapo, na aliyeuanzisha ni mke wa Fundi. Papa au taa akinasa wavuni, akakatiwa nyuzi na kuachiwa aende zake hai, yule aliyeshika kisu ndiye anayempa jina, na mchora mabango anaitwa kuja kumchora. Kulikuwa na papa aliyeitwa Mama Mkwe. Kulikuwa na mwingine aliyeitwa Mwenye Nyumba, kwa sababu alirudi kila mwisho wa mwezi. Taa mmoja mnene, aliyelala bila kujishughulisha na lolote, aliitwa Diwani.

Leo kulikuwa na picha mpya. Taa mwenye madoa meupe mgongoni, mbawa zimetandazwa, na chini yake herufi kubwa za buluu: TULIZO.

Nusura Fundi aimeze bisibisi.

Tulizo ni jina ambalo Fundi alimwita mkewe. Si la kwenye kitambulisho wala la kazini. Hapo dikoni mkewe aliitwa Daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa viumbe wa baharini, na mwanzoni watu walikuwa wakimletea watoto wenye kikohozi mpaka walipochoka kuambiwa mimi ni daktari wa papa, mama, mpeleke zahanati. Tulizo lilikuwa jina la chumbani. Hata binti yao hakuwahi kulisikia. Sasa limetundikwa hadharani, na kila anayekuja kununua samaki analisoma.

"Huyu taa mpya ni wa nani?" aliuliza, akijikaza sauti isimsaliti.

Mchuuzi, mama aliyekuwa akisuuza ndoo zake chini ya ngazi, aliinua uso. "Huyo mwenye madoa? Katoka kwenye wavu wa Nahodha, juzi juzi hapa. Tena ana mimba, maskini, tumbo hili!"

Wa Nahodha. Na kama kwamba hayo hayatoshi, Nahodha mwenyewe akaingia, kifua wazi, mkono mmoja umefungwa bandeji, cheko lake limemtangulia kama kawaida. Alikuwa na boti nzuri kuliko zote pale na sauti kubwa kuliko zote, na tangu aanze kumwita Daktari dada yangu, Fundi alijikuta amekuwa shemeji bila kuulizwa.

"Shemeji! Upo juu huko?" Alimpiga kofi la mguu. "Umemwona Tulizo wetu?"

"Nimemwona."

"Mrembo, eh?" Akamkonyeza.

Swali moja tu lingetosha pale. Nani kampa jina? Maneno matatu, na kila mtu angelala salama. Lakini mtu aliyeshikwa na wivu haulizi, yeye majibu anayo tayari. Fundi alimtazama yule bwana akiondoka zake akipiga mluzi, akajiambia: kumbe.

Ubovu wa mashine alikwisha kuuona. Kapasita ilikuwa imekufa, kile kikopo kidogo kinachoisukuma kompresa iwake. Mpya alikuwa nayo kwenye mkoba, imeviringishwa kwenye kitambaa. Kuifunga ni kazi ya muda mfupi tu. Fundi alishuka ngazi taratibu, akafuta mikono, akafunga mkoba.

"Vipi, fundi, imepona?" Mchuuzi aliuliza.

"Kifaa chake hakipo. Mpaka kiagizwe."

"Mungu wangu! Na samaki wangu niwapeleke wapi?"

"Hilo sasa," alisema Fundi, "kawaulize hao waliowafungia ghuba ya papa."

*

Walikaa kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili na jiko, na dada yake Fundi aliyekuja kuwasalimu mwaka juzi akasahau kuaga. Jioni ile Daktari alirudi nywele zimekakamaa kwa chumvi, viatu vya mpira mkononi. Aliviweka nje ya mlango, akaingia moja kwa moja mpaka alipokaa mumewe. Macho yake yalikuwa yanacheka.

"Leo ulikuwa dikoni."

"Nilikuwapo."

"Eeh. Na umeona nini?"

"Mashine mbovu. Kapasita."

"Nyingine hakuna? Basi, tutaagiza." Alikaa ukingoni mwa kiti. "Na kitu kingine hukuona?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Chochote."

"Niliona samaki, wavu, na watu wanaocheka ovyo. Nilikuwa kazini, sikwenda kutalii."

Daktari alimtazama kidogo, lile tabasamu likamponyoka. Akasema basi, akaenda kuoga. Fundi akalitafsiri tabasamu lile alivyotaka yeye. Anapima, alijiambia. Anataka kujua kama nimeona.

Dada mtu, aliyekuwa akichambua mchele kwenye sinia, hakupoteza nafasi. "Wifi siku hizi amenawiri."

"Dada, nakuomba."

"Mimi nimesema nini? Nimesema amenawiri. Mtu akishinda juani kwenye boti na wanaume tangu asubuhi, wengine hukauka. Yeye anang'aa." Alipuliza pumba. "Kazi nzuri hiyo."

Fundi alimwambia anyamaze, lakini hakuna neno hata moja alilolitema. Yote aliyameza.

Wakati wa kula Daktari alizungumza yaliyokuwa yakimkaa rohoni. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wavuvi. Wangepiga kura kama ile ghuba ndogo, ambamo papa na taa huingia kuzaa, ifungwe msimu mwingine au ifunguliwe. Haikuwa sheria ya serikali. Wavuvi wenyewe walikubaliana, na walikubali kwa sababu waliletewa barafu. Kwa barafu samaki wengine wanafika sokoni wakiwa wabichi na bei yao ni ya maana. Waliofadhili mradi walikwisha sema wazi: wavuvi wakiifunga tena kwa hiari yao, kazi inaendelea. Wakikataa, ofisi inafungwa.

"Na wewe?" aliuliza binti yao.

"Na mimi narudi nyumbani kukufunga vifungo vya shati." Alicheka, kisha akaacha. "Papa si kama dagaa, mwanangu. Dagaa ukimvua leo kesho yuko tena. Papa anakaa miaka ndipo aanze kuzaa, na akizaa anazaa wachache. Msimu mmoja tu watu wakiingia mle na nyavu, mimi sina tena cha kuhifadhi." Akamgeukia mumewe. "Kapasita itafika kabla ya Jumamosi?"

"Imeagizwa," alisema Fundi, na mkoba ulikuwa chini ya meza, karibu na mguu wake.

*

Bila barafu, diko lilibadilika tabia. Madalali waliokuwa wakigombea samaki walianza kuja wamechelewa makusudi, wanaminya tumbo la samaki kwa kidole, wanaguna, wanataja bei ya matusi. Mchana ukifika, mtu anakubali. Mchuuzi alimwaga ndoo nzima ya samaki walioharibika, na siku hiyo alimtukana kila aliyepita, wakiwamo wasiohusika.

Fundi alikwenda mara mbili tatu, ati kukagua nyaya. Kwa kweli alikwenda kumchunga mkewe. Alikaa kivulini kwenye ngazi ya ofisi ya mkewe, akijifanya anamenya waya, na aliyasikia mambo ambayo mume hastahili kuyasikia.

"Daktari, barafu yako iko wapi?"

"Inakuja, kaka yangu. Kifaa kimeagizwa."

"Kinakuja kwa miguu?"

Watu walicheka. Kijana mmoja mwenye boti ndogo akadakia: "Papa na taa hawana mambo haya. Unampaka chumvi, unamwanika juani, anakungoja mpaka mnunuzi aje. Hadai umeme, hadai kapasita. Sisi tumefungiwa samaki wasiooza, tumebakiziwa wanaooza!"

Wakamshangilia. Daktari alisimama katikati yao na faili lake kifuani, akijibu kila mmoja kwa heshima, na jasho likimtoka juu ya mdomo. Mtu alimwachia ndoo ya samaki waliooza mlangoni pa ofisi. Aliinyanyua mwenyewe, akaenda kuimwaga, akarudi kudeki. Fundi aliona yote. Hakuona fahari, lakini mahali fulani ndani kabisa palikuwa na kijiba cha roho kilichosema: ona sasa. Mwambie huyo aliyekuchora ukutani aje akusaidie kudeki.

Na aliyemchora, kwa maana ile aliyoielewa Fundi, alikuja kweli. Boti ya Nahodha iliporudi kutoka kwenye ukaguzi wa maboya ya ghubani, Daktari alikuwa ndani yake. Nahodha aliruka kwanza, akanyoosha ule mkono wake mzima, na Daktari akaushika ili ashuke. Aliushika tu. Mtu yeyote ashukaye kwenye boti hushika mkono. Lakini Fundi alihesabu muda ambao mkono wa mkewe ulikaa mle, na kwa hesabu yake ulikaa mpaka jua likatua.

Daktari alimwona, akampungia kwa furaha. Fundi akainamia waya wake.

Usiku haujaingia vizuri siku hiyo, Daktari alimfuata jikoni alikokuwa akijaza maji. "Mume wangu, nieleze vizuri. Hakuna hata ya kuazima? Kwenye friji la mtu, kwenye bucha, popote? Nimepiga simu mpaka nimeona aibu."

"Kapasita si nazi, useme utaazima kwa jirani. Lazima ilingane na kompresa."

"Najua. Nilidhani labda..."

"Unataka niiumbe?"

Daktari akaegemea sinki, akalia, kile kilio cha mtu mzima asiyetaka kusikika, mabega tu ndiyo yanatikisika. Mkoba ulikuwa pale pale nyuma ya mlango. Alikwisha kunyoosha mkono, kweli, alikwisha kuugusa ukanda wake. Alikuwa tayari kusema nilikosea, nilikuwa nayo, nisamehe.

Simu ya mkewe ikalia. Daktari akaitazama, akafuta macho kwa kanga. "Nahodha," alisema, akapokea. Na sijui yule bwana alimwambia nini, lakini Daktari, machozi hayajakauka, alicheka.

Fundi aliuachia ukanda wa mkoba.

*

Jumamosi ukumbi wa diko ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwenyekiti wa kamati, bwana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikaa mbele. Daktari alikaa pembeni yake. Fundi alikuwa nyuma kabisa, mkoba magotini, kwa kuwa mtu wa ufundi haachi mkoba wake nyumbani, na pia kwa sababu nyingine ambayo hata yeye hakuwa amejiambia.

Mambo yalianza vibaya yakazidi. Kila aliyesimama alizungumzia barafu. Yule kijana wa boti ndogo alisema wamefanywa wajinga. Mwingine akasema mradi unawapenda papa kuliko watoto wa watu. Daktari alipojibu walimsikiliza, walimheshimu, lakini ilikuwa heshima ya kumsindikiza mgeni kituoni.

Ndipo Nahodha akasimama, na ukumbi ukatulia kidogo maana alikuwa anapendwa.

"Mimi sina maneno ya shule," alisema. "Nitawaeleza habari ya yule taa wa mwisho kwenye ukuta. Siku ile kamba ya nanga ilikuwa imenichana kiganja, hiki hapa mnakiona, sishiki hata kikombe. Tukavuta wavu, taa ndani, mzito, tumbo limejaa. Vijana wangu wakaogopa mwiba wa mkia. Huyu mama akachukua kisu changu, akainama nusu ya mwili majini, akakata uzi mmoja mmoja. Akapigwa na bawa usoni hapa, akatema maji, akaendelea. Taa akaenda zake."

"Tunajua!" mtu alipaza sauti.

"Hamjui. Kwa desturi yetu, aliyekata ndiye anayempa jina. Miaka yote huyu mama hajampa samaki hata mmoja jina. Kila mara anatuachia sisi, ati samaki ni wetu. Siku ile nikamwambia, dada, leo hukwepi. Akaona haya kama msichana. Akasema, mpe jina ambalo mume wangu huniita nyumbani. Tukacheka sana. Akasema, msimwambie. Yeye ndiye anayekuja kuihudumia mashine, mwacheni aone mwenyewe, nataka jioni arudi nyumbani aniulize." Nahodha aligeuka akamtafuta Fundi kwa macho, akampata, akatabasamu meno yote. "Haya, shemeji, siri imekwisha. Ninachosema ni hivi: mtu anayeingiza jina lake la ndani kwenye bahari yetu, huyo si mpita njia. Tumpe msimu mmoja."

Fundi akayakumbuka yale macho yaliyokuwa yanacheka. Na kitu kingine hukuona? Sijui. Chochote. Alitazama mbele, na mkewe alikuwa anamtazama yeye, kidogo tu, kwa haya, akitaka kuona kama sasa atacheka.

Hakucheka.

"Maneno matamu," alisema Mchuuzi akiinuka, mkono kiunoni, "lakini jina zuri halileti barafu. Mimi nampenda Daktari, Mungu anajua. Ila samaki wangu wameoza, na watoto wangu hawali jina."

"Kweli!" Ukumbi ukaitikia.

Mwenyekiti alisafisha koo. "Basi tupige kura. Wanaotaka ghuba ifunguliwe, wanyooshe mikono."

Mikono ilianza kupanda. Daktari aliitazama ikipanda, kisha akainamisha uso na kuanza kupanga karatasi zake vizuri, kama mtu anayefunga virago. Ni kule kupanga karatasi ndiko kulikomwinua Fundi.

"Mwenyekiti, subiri."

"Fundi, tuko katikati ya kura."

"Barafu ipo."

Alifungua mkoba. Kitambaa kikakataa kufunguka, mwishowe akakivuta kwa meno. Akainua kile kikopo kidogo juu watu wakione. "Kapasita hii hapa. Mashine itawaka leo hii."

Makofi yalianza. Nahodha akapiga mluzi. Mwenyekiti akatabasamu: "Ahsante Mungu! Imefika lini?"

Na hapo, jamani, mlango ulikuwa wazi. Angesema asubuhi hii. Angeshangiliwa, angebebwa mabegani. Lakini Mchuuzi alikuwa amekwisha sogea karibu, anakikazia macho kile kitambaa chenye madoa ya mafuta, kitambaa alichokiona siku ile chini ya ngazi mkoba ulipofunguliwa.

"Hiki kilikuwamo siku ile," alisema polepole.

Fundi angeweza kukana. Alimwona mkewe ameacha kupanga karatasi.

"Kilikuwamo," alisema. "Nilikuwa nacho tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini?" Mwenyekiti aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyeelewa kabisa.

"Niliona lile jina. Nikaambiwa taa katoka kwenye wavu wa Nahodha. Nikadhani..." Akaitazama ile kapasita mkononi. "Nilidhani vibaya. Nikaona bora mradi ufe, abaki nyumbani. Mke wangu hana kosa. Mradi hauna kosa. Barafu haikukosekana, niliificha mimi."

"Samaki wangu," alisema Mchuuzi, "wameoza kwa sababu ya jina la taa?"

Mtu wa dirishani hakuweza kujizuia. "Kumbe jamaa anamwonea wivu samaki!"

Kicheko kilianzia dirishani kikazagaa ukumbi mzima. Watu walivunjika mbavu. Walipigana viganja. Wengine walikuwa na hasira na wakacheka hivyo hivyo, na kilichomchoma Fundi zaidi ni kwamba hawakumcheka peke yake. Kila jicho lililotoka kwake lilikwenda kwa mkewe, kisha kwa Nahodha, kisha likarudi kwa mkewe, likimpima, likiulizia. Jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kulifikiria, sasa kila mtu alikuwa analifikiria. Daktari alisimama wima na faili kifuani kama alivyosimama zile siku za kukosa barafu. Safari hii jasho halikumtoka. Wala machozi hayakumtoka.

Nahodha peke yake hakucheka. Alimwendea Fundi, akasimama mbele yake. Fundi alingoja ngumi, na angeipokea.

"Nenda katengeneze mashine, fundi," alisema Nahodha. Hakumwita shemeji.

Fundi alivuka uwanja peke yake, akapanda ngazi, akafunga kapasita mgongo wake ukiwa umeelekea ule ukuta. Kompresa ilikohoa, ikashika. Wakati barafu ya kwanza ikidondoka, alisikia makofi kutoka ukumbini. Hakuthubutu kwenda kuuliza ya nini. Mchuuzi ndiye aliyemletea habari, akija na ndoo zake: wamefunga ghuba, kwa shida lakini wamefunga, na kamati imeamua Fundi ahudumie mashine msimu mzima bila malipo.

"Na ushukuru," alisema. "Mimi nilitaka upakwe chumvi uanikwe."

*

Nyumbani, dada mtu alikuwa amekwisha pata habari, maana habari kama hizo hazihitaji nauli. Safari hii hakuwa na la kusema. Alimchukua binti, wakaenda dukani kununua kitu ambacho kilikuwamo kabatini.

Daktari alikuwa anasugua viatu vyake vya mpira kwa brashi. Fundi alisimama mlangoni.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusikia ukumbini."

"Nilikuwa mpumbavu."

"Ulikuwa mpumbavu." Aliendelea kusugua. "Unajua kilichoniuma? Si ule uongo wa kapasita. Wala si kule kulia hapo jikoni nawe umesimama na mkoba. Siku ile nilirudi mbio. Nilimwambia Nahodha aniwahishe, leo mume wangu ameona. Nikasema nikifika tu atanidaka mlangoni aniulize, wewe mwanamke, umenifanyia nini kule? Nilikaa pale kitini kama mtoto. Kila jioni nikasema labda leo. Hata juzi, Nahodha alinipigia kunitania, je, ameshakuuliza? Nikacheka. Nikasema bado, mume wangu anatazama nyaya tu."

Fundi alikaa chini kizingitini. Hakuwa na pa kuweka mikono.

"Tulizo," alisema kwa sauti ya chini, ile sauti ya chumbani.

Brashi ilisimama. Daktari hakuinua uso.

"Huyo yuko baharini," alisema. "Mimi niite Daktari, kama wengine."

Fundi alidhani ni hasira, na hasira hupoa. Hakumjua mkewe. Msimu ulikwenda. Walikula pamoja, walicheka na binti yao, kitanda kilikuwa kile kile, hakumnunia, hakumsimanga. Ila alipomwita lile jina, hakuitika. Si kwa kiburi. Hakuitika tu, kama mtu aliyesikia anaitwa mwingine. Fundi akaacha. Alipopanda ngazi kuhudumia mashine yake ya bure alilitazama ukutani, kati ya Diwani na Mama Mkwe, na siku ambazo hakukuwa na mtu karibu alilitamka, ili kinywa kisilisahau.

Alikuwa juu ya ngazi hiyo hiyo Nahodha alipopita chini, asubuhi moja, mkono wake umepona na kubaki na alama. Tangu mkutano walikuwa wanasalimiana kwa kichwa tu. Siku hiyo alisimama.

"Tulizo amezaa," alisema. "Tumewaona ghubani alfajiri, yeye na mtoto ubavuni. Madoa ni yale yale. Nenda kamwambie dada, simu yake haipatikani." Akafika mlangoni, akageuka. "Nimeona ni haki umwambie wewe, shemeji."

Fundi aliiacha bisibisi pale pale. Alikwenda nyumbani karibu mbio, mtu mzima, mafuta mikononi. Daktari alikuwa mezani anakula, karatasi zake pembeni.

"Amezaa," alisema Fundi akihema.

"Nani?"

Ilibidi aseme. Hakukuwa na njia nyingine ya kusema.

"Tulizo."

Daktari aliinua uso. Na ule uso, ambao kwa miezi ulikuwa umempa adabu na mapishi na ahsante, ulifunguka wote. Macho yalicheka kama yalivyocheka jioni ile ukingoni mwa kiti. "Wewe! Kweli? Mtoto yuko hai? Mkubwa kiasi gani?" Alikwisha simama, anatafuta viatu vyake vya mpira, anacheka peke yake. Alimpita mumewe mlangoni, akamgusa begani kwa haraka, kama mtu anavyomgusa mleta habari njema, akatoka mbio kuelekea dikoni.

Fundi alibaki na harufu ya chumvi mlangoni. Akakikumbuka kile kicheko cha ukumbini, na yule mtu wa dirishani aliyesema anamwonea wivu samaki. Siku ile walikuwa wamemsingizia. Leo ilikuwa kweli.